Mara Saba Juu ya Lukwangule

"Mlima huo nimeuvuka mara saba," alisema Bi Mwanvita, mikono kiunoni, mbele ya watu wote waliokuwa barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kisha, kwa kuwa alikuwa ametoka kuswali adhuhuri na hakutaka kujiharibia swala, akamalizia kwa sauti ya chini iliyosikiwa na kuku peke yao: "Sita nikiwa nimelala mgongoni mwa mama. Ya saba nilitembea mpaka kwenye mianzi, nikakaa chini, nikalia mpaka nikabebwa."

Kuku hawakumwambia mtu. Mwalimu Jesca aliandika kwenye daftari lake: mara saba. Akapigia mstari.

Jesca alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Morogoro, mzaliwa wa Njombe, mwembamba, mwenye miguu ya mbuzi. Likizo zake hakuzimalizia kwenye harusi kama wenzake. Alibeba hema na sufuria mgongoni akapanda milima kwa raha zake, jambo ambalo watu wa kitongoji kile, cha juu kabisa upande wa Matombo, waliliona kama maradhi yanayowapata waliosoma sana. Safari hii alikuja na mwenzake wa kazini, Richard, mtu wa Tabora, mpana kama kabati, mwenye begi lililojaa vifaa. Walitaka kuvuka kwa miguu kutoka Matombo mpaka Mgeta kwa kupita juu, kwenye uwanda wa Lukwangule, kule ambako zamani akina mama walipita na mikungu ya ndizi na mikeka kichwani, wakarudi na njegere na maharage. Siku hizi hakuna njia. Magari yalipokuja, watu wakazunguka kwa barabara, na msitu ukameza nyayo zote. Kibali cha kuingia msituni walikuwa nacho, kimegongwa muhuri. Walichokosa ni mtu anayekumbuka.

"Bibi, samahani, una miaka mingapi?" aliuliza Richard.

"Sitini na saba. Lakini miguu ina arobaini, niliichelewesha kuzaliwa."

Watu wakacheka, na shauri likaisha hivyo. Mwanvita akaenda nyumbani. Tangu alipomzika mama yake alikuwa na hamu moja, ndogo, ya kijinga, ambayo hakumwambia mtu: kuuvuka mlima ule kwa miguu yake mwenyewe kabla miguu haijasema basi. Mara ya nane, iwe ya kwanza. Njia atajua mbele kwa mbele. Mlima hauhami.

Sasa, pale barazani alikuwapo pia Dadi. Ukoo wa Dadi na ukoo wa Mwanvita ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akikuona lazima akutukane; usipotukanwa, ujue unaumwa. Siku alipozikwa mume wa Mwanvita, Dadi aliruka kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, waombolezaji wakacheka huku machozi yakiwatoka, kama inavyotakiwa. Mwaka uliopita alimwambia Mwanvita kwamba Mkuyuni vyandarua vinagawiwa bure. Mwanvita akashuka asubuhi nzima kwa miguu, akakuta wauza samaki wanamshangaa. Naye hakukaa na deni la namna hiyo. Alimpigia Dadi simu kwa sauti ya kilio kwamba mkwewe amefariki. Dadi akavaa kanzu, akapanda bodaboda mpaka ukweni, akamkuta mkwe anakula ugali na mlenda.

Hao ndio watu wawili wenyewe. Miaka arobaini, na hapakuwa na neno la kweli lililopita kati yao.

Lakini mlima Dadi aliujua. Ujanani alibeba mizigo ya wataalamu wa mimea waliokuwa wakipanda Lukwangule kutafuta maua. Angeenda yeye, ila goti lake la kushoto lilikuwa limegoma tangu masika ya mwaka juzi. Asubuhi ya safari, mwezi wa sita umeanza, mvua zimekatika na mbingu imeoshwa safi, alikuja akichechemea na fimbo yake mpaka uani kwa Mwanvita.

"Mwanvita. Nisikilize."

"Leo fisi kaamka mapema. Umekosa mzoga?"

Dadi hakujibu hilo. "Chukua sweta," alisema. "Mwezi huu kule juu asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi."

"Meupe! Kama mvi zako."

"Mkitoka kwenye mianzi mtakuta uwanda. Pana majani mafupi, laini kama zulia la msikitini. Msiyakanyage. Chini yake ni tope. Piteni kwenye manyasi marefu, yale yanayokata mikono. Mtakuta vijito viwili. Cha kwanza kina kelele nyingi. Kivukeni mkiache, kinashuka huku kwetu. Cha pili hakina sauti, kinapita chini ya majani. Hicho ndicho cha Mgeta. Kifuateni. Kabla hamjaanza kushuka mtaona mlundo wa mawe. Weka lako."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nenda salama."

Mwanvita alicheka mpaka akashika ukuta. Nenda salama! Kutoka kinywani mwa Dadi! Hapa, alijiambia, pana mtego ambao haujawahi kutegwa. Yaani mzee amekesha akiutunga. Sweta lenyewe lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, la kijivu, la mtumba, lenye vifungo vikubwa vyekundu kama visoda. Alilivuta akamtupia begani.

"Vaa wewe. Mifupa yako ndiyo inayolia."

Na alipoanza kupanda nyuma ya Jesca na Richard, kiroba chake kichwani, alikuwa ameshajiwekea kanuni: lolote alilosema Dadi, lifanyike kinyume chake.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, kwa sababu siku ya kwanza ilikuwa kupanda tu, na kupanda hakuhitaji kujua njia, unakwenda kule kunakouma. Walipita migomba, wakapita mashamba ya pilipili manga na mdalasini, wakaingia msituni penye miti iliyovaa ukoga wa kijani kama wazee waliovaa blanketi. Richard alikuwa na kifaa cha kuonyesha njia, anakitazama kila hatua kumi kama mtu anayesubiri ujumbe wa mchumba. Jesca alipiga picha kila kinyonga aliyemwona, na alimwona kila kinyonga. Jioni walifika kwenye mianzi, wakafunga hema, wakapika wali.

"Hapa mahali unapakumbuka, Bibi?" Jesca aliuliza.

"Sana," alisema Mwanvita, na safari hii alisema kweli tupu. Hapo ndipo alipokaa chini akalia.

Siku ya pili walitoka kwenye mianzi saa tatu asubuhi, na uwanda ukafunguka mbele yao. Wacha nisiseme uongo, ulikuwa mzuri. Ulikuwa mpana, wa kijani, umelala kimya juu ya dunia, mawingu yakipita chini badala ya juu. Kushoto kulikuwa na manyasi marefu yenye makali. Kulia kulikuwa na majani mafupi, laini, kama zulia la msikitini.

Mwanvita akatabasamu. Hilo zulia la Dadi lilikuwapo kweli. Basi mtego ni kutupeleka kwenye manyasi yatukate.

"Kulia," akasema.

"Una hakika, Bibi?" Richard alikuwa akitazama kifaa chake. "Hapa naona kama..."

"Mwanangu, hicho kidude kimezaliwa lini?"

Richard akapita kulia. Alipiga hatua nne za raha. Ya tano ikamezwa mpaka gotini, ya sita mpaka kiunoni, na mtu mpana kama kabati akawa amesimama uwandani kama kabati lililokatwa nusu.

"Jesca," alisema kwa upole mkubwa, "nazama."

Hapo hapakuwa na utani. Jesca alitupa begi chini, akalala kifudifudi, akamnyooshea fimbo ya mwanzi. Mwanvita akavua kanga yake ya juu, akaifunga kwenye ya pili, akairusha. Walivuta. Tope lilivuta upande wake. Walivuta tena, Mwanvita kaegemea nyuma mpaka kisogo kikagusa majani, akimwomba Mungu na kumtukana Dadi kwa pumzi moja. Mwisho tope likatoa sauti mbaya, ambayo mbele ya wageni tusingeitaja, likamwachia Richard. Alitoka bila kiatu cha kulia na bila mkoba wake wa kiunoni, na mkoba huo ulikuwa na kile kifaa, simu yake na betri ya akiba.

Walikaa watatu kwenye ardhi ngumu, wanahema. Richard akautazama mguu wake mtupu, akacheka. Jesca akacheka. Mwanvita akacheka kuliko wote, kwa kuwa mtu alikuwa mzima na mengine yote ni vitu.

"Tope hili zamani halikuwa hapa," alisema. "Limehama."

Richard alivaa kandambili zake za kambini, wakaendelea. Simu ya Jesca walipoiwasha ilionyesha picha ya kinyonga mmoja, ikaisha chaji, ikazimika. Kisha ukungu ukaja. Haukuja kama mgeni anayebisha hodi. Uliingia tu, ukakaa kila mahali. Ndani yake walisikia maji, maji yenye kelele, yanaongea kama soko la Mkuyuni siku ya gulio.

Kijito cha kelele, alikumbuka Mwanvita. Kiacheni, alisema Dadi. Basi ndicho chenyewe.

Na tope je? Tope lilikuwa kweli. Lakini hilo alilisukuma pembeni. Mtani mjanja huchanganya punje moja ya kweli ili uumeze uongo wote. "Tunafuata maji haya," akasema.

Waliyafuata mchana kutwa. Maji yalishuka, nao wakashuka. Mteremko ukawa mkali, mizizi ikawa ngazi, mikono ikawa miguu. Saa kumi na moja jioni yale maji yaliruka kwenye mwamba yakapotea, na wao wakasimama ukingoni, hawana pa kukanyaga mbele. Upepo ukapasua ukungu kidogo tu, kama mtu anayefunua pazia kuchungulia. Chini kabisa, mbali, Mwanvita aliona bonde, aliona migomba, na bati la paa la misheni ya Matombo liking'aa kwenye jua la mwisho.

Ilikuwa kwao. Walikuwa wamezunguka siku nzima ili kurudi kwao, na hata huko kwao hawawezi kufika bila mabawa.

Mwanvita akaketi. Alianza kuhesabu, si vitu, bali maneno. Aliyapitisha moja moja kichwani maneno ya Dadi ya asubuhi ile, kuanzia "nisikilize" mpaka "nenda salama", akitafuta tusi. Hakulipata. Alimwita fisi, hakujibu. Alimcheka mvi, hakujibu. Alimtupia sweta begani, akalishika tu. Miaka arobaini yule mzee hakuwahi kumaliza hata salamu bila kumtukana, na asubuhi ile hakumtukana hata mara moja.

Alikuwa hatanii.

Mwanvita akawageukia wenzake.

"Wanangu," alisema, "njooni mkae. Nina jambo, na nikilisema mnaweza kunisukuma hapa, sitawalaumu."

Akawaambia yote. Sweta, zulia, vijito, na kanuni yake ya kinyume. Jesca alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo uliambiwa njia," alisema taratibu, "ukatupeleka kusiko."

"Ni mtani wangu."

"Na zile mara saba?"

Mwanvita akachezea pindo la kanga. "Saba ni saba kweli. Ila mgongoni."

"Mgongoni mwa nani?"

"Mwa mama. Nilikuwa mdogo."

Richard alisimama, akaenda mpaka kwenye mti, akarudi. Hakupaza sauti, na hapo ndipo palipouma. "Bibi, nimeacha mtoto wa miezi minne nyumbani. Mke wangu nimemwambia tuna mwenyeji anayeujua mlima kama jiko lake."

Mwanvita aliinamisha kichwa. Alitazama ile kandambili ya Richard iliyojaa damu na matope, akajua kwamba wakipotea watu hawa wawili, yeye hata akipona hatapona. Chakula chao kilikuwa cha siku moja zaidi. Huku juu hakuna anayepita. Vichekesho vyake vyote, alivyoviweka miaka sitini na saba, havikutosha kumfunika mtoto wa miezi minne.

"Nisameheni," alisema. Halikuwa neno alilolizoea, akalitoa kama mtu anayetoa mwiba.

Maji yalipiga kelele. Jesca akamsogelea Mwanvita.

"Maneno ya huyo mzee. Unayakumbuka yote?"

"Neno kwa neno."

"Una hakika? Leo ulisema una hakika mara nyingi."

"Mwalimu, maneno ya mtani hayasahauliki. Unayatunza mwaka mzima ili uje umlipie." Akayasema tena, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hata pale Dadi alipovuta pumzi. Richard akaketi. Jesca akatoa daftari, akaandika, na safari hii hakupigia mstari.

"Basi kesho," alisema Jesca, "tunafuata haya. Bila kinyume."

Usiku wa siku ile hauna hadithi. Ulikuwa baridi tu. Walilala watatu kwenye hema la watu wawili, Mwanvita katikati, kama samaki kwenye kikaango kisicho na moto.

Alfajiri Mwanvita alitoka kutawadha, akapiga kelele. Jesca akatoka mbio, Richard nyuma yake na sufuria mkononi kama silaha.

"Nini, Bibi?"

"Meupe!" Mwanvita alikuwa akionyesha uwazi mdogo juu ya mwamba, meno yakigongana, anacheka. Kila jani lilikuwa limevaa unga mweupe. "Majani ni meupe! Alisema yatakuwa meupe!"

Hapo ndipo nafuu ilipoanza, na ilikuja kwa mafungu. Walipanda kurudi juu kwa kufuata kijito chenye kelele, saa nne nzima, mpaka uwandani, na ukungu haukuwapo. Jua lilikuwa limelala juu ya majani kama paka. Wakakivuka kijito. Majani mafupi yalipowaita, wakayapa mgongo, wakaingia kwenye manyasi marefu. Yaliwakata kweli. Richard alikatwa shavuni, akasema, "Asante, mzee Dadi." Jesca alikatwa vidoleni, akasema vivyo hivyo. Chini ya manyasi ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya darasa, na Mwanvita alikuwa akiipiga kwa kisigino kila baada ya hatua chache, kwa raha ya kusikia inavyojibu.

Kijito cha pili walikipita. Ndiyo, walikipita, kwa maana hakina sauti. Mwanvita ndiye aliyesimama.

"Nguo yangu imelowa," alisema, "na sijavuka maji."

Wakarudi hatua ishirini. Akalala chini, akatenganisha majani kwa mikono miwili kama mama anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto, na hapo chini, ndani ya mfereji mwembamba mweusi, maji yalikuwa yanakwenda zake kimyakimya. Yalikwenda machweo. Yalikwenda Mgeta.

Richard alipiga magoti akayanywa. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, na Jesca naye alikuwa akijifanya anafunga kamba za viatu.

Walikifuata kama vipofu wanaofuata fimbo. Kilipojificha wakakipapasa, kilipojitokeza wakakisalimia. Na pale uwanda ulipoinama, kabla ya kuanza mteremko, Jesca aliyekuwa mbele akasimama.

Mawe. Mlundo wa mawe, umefika kifuani, umevaa ukoga. Mengine makubwa kama vichwa, mengine madogo kama mayai, na hakuna mlima hata mmoja unaojipanga mawe wenyewe hivyo.

Mwanvita aliusogelea polepole. Hakukumbuka uwanda ule, wala manyasi, wala maji. Lakini mkono wake ulikumbuka. Ulikumbuka kokoto ndogo, baridi, ikiwekwa kwenye kiganja na vidole vikubwa vyenye harufu ya karafuu, na mgongo ulio chini yake ukiinama ili yeye afikie, na sauti ikisema: weka yako, na wewe umefika. Aliweka mara saba. Ziko humo ndani, saba, chini ya za watu.

Akaokota jiwe. Hakuchagua dogo. Aliliweka juu, akalikandamiza lisianguke, akasema kwa sauti ambayo hapa kuku hawakuwapo kuisikia, "Mama, leo nimetembea."

Jesca akaweka lake. Richard akaweka lake, kisha akaweka kokoto moja zaidi. "Ya mtoto," alisema.

Kushuka kulikuwa kushuka. Alasiri walisikia jogoo. Kisha moshi. Kisha msitu ukakatika ghafla, kama kitambaa kwa mkasi, na mbele yao yakawa matuta ya njegere, mstari kwa mstari, na kabichi zilizonona, na mwanamke kijana anayepalilia na redio ndogo ikiimba kiunoni mwake. Aliwatazama wanavyotoka, wenye matope, waliokatwakatwa, mmoja na kandambili.

"Bibi, shikamoo," alisema kwa adabu, jembe mkononi. Kisha akageuka akaita kwa nguvu: "Babu! Watu wako hao!"

Pembeni ya shamba kulikuwa na jiwe kubwa. Juu ya jiwe alikaa mzee, fimbo katikati ya magoti, mfuko wa salfeti miguuni, uso ameuelekeza mlimani. Aliposimama goti la kushoto lilikataa, akasimama hivyo hivyo.

Alikuwa Dadi.

Mwanvita alitamani kukimbia akamkumbatie, na kwa sababu hiyo akatembea pole kuliko kawaida. Walisimama, hatua mbili kati yao.

"Uko hai," alisema Dadi. Sauti ilikuwa nyembamba.

"Ulitaka niweje?"

Dadi akakohoa, akaikumbuka kazi yake. "Nilitaka jogoo wangu wa msiba. Mwanamke hovyo wewe, hata kufa huwezi! Ulikuwa unakwenda kinyumenyume kama kaa?"

Ah, tusi. Mwanvita alilipokea kama maji ya moto ya kuoga. "Na wewe, mzoga usiozikwa, umefikaje huku?"

"Mimi? Nimekuja kununua mbegu za njegere. Nimefika leo asubuhi. Nilikuwa naondoka sasa hivi, mmenikuta kwa bahati tu."

"Mbegu?" Yule mwanamke kijana, ambaye jina lake lilikuwa Glory, alizima redio. "Babu, mbegu hujauliza hata siku moja. Amefika juzi jioni, Bibi, na bodaboda ya mwisho. Tukamwambia alale ndani, akawa anatoka kila mara kuangalia juu. Jana kutwa yuko hapo kwenye jiwe. Chakula tunamletea hapo hapo, wala hakigusi."

Juzi. Mwanvita alihesabu. Juzi ndiyo siku waliyoingia msituni. Kwa hiyo walipokuwa bado kwenye migomba, huyu mtu na goti lake alikuwa tayari juu ya pikipiki kwenda Mkuyuni, kisha basi la mjini, kisha gari la Mgeta, kisha pikipiki nyingine, kuuzunguka mlima wote ili awahi upande wa pili.

"Shikamoo, mzee," alisema Richard, akamshika Dadi mkono kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia. "Shikamoo sana."

"Marahaba, mwanangu. Kiatu kiko wapi?"

"Kwenye zulia la msikitini."

Dadi akamtazama Mwanvita kwa jicho kali. Mwanvita akatazama kabichi.

"Haya, basi," alisema Dadi, akiona mbegu zimekataa kuota. "Nikiri. Nilikuja kuzika. Mtani asipokuzika nani atakuzika? Nilijua tu, mwanamke huyu atafanya kinyume, atakufa, na mimi ndiye wa kuingia kaburini. Nimekuja na sanda yako. Iko humu mfukoni, mpya, nimeipitia dukani Morogoro."

"Nionyeshe."

"Sanda haionyeshwi mwenyewe. Ni mkosi."

"Nionyeshe, Dadi. Nataka kuona kama umenipunja urefu."

Dadi akauvuta mfuko nyuma ya miguu yake, lakini goti halikumruhusu kuinama upesi, na Mwanvita, ambaye miguu yake ina miaka arobaini, alikuwa ameshaunyakua. Akaufungua. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Kilichotoka kilikuwa cha kijivu, kimekunjwa vizuri mara nne, kizito, kina joto la mtu aliyekuwa akikipakata juani siku mbili.

Akakikunjua mbele ya wote. Akapitisha kidole gumba juu ya vile vyekundu, kimoja kimoja, kuanzia shingoni mpaka chini.

"Dadi," alisema, "sanda yako ina vifungo."